Mbegu za Mama Katika Kasha la Kisiwani

Harufu ya ngozi iliyolowa maji ya dawa hunirudisha Thamesmead, mtaa wetu wa London, kwenye likizo ya kiangazi nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ameajiriwa na kikundi kidogo kilichopeleka wataalamu kwenye kisiwa kimoja cha Bahari ya Pasifiki, kisiwa ambacho ndege wake hutaga chini, juu ya mchanga mtupu. Magugu mageni yakiota na kuufunika mchanga ule, ndege hukosa pa kutagia, na hawana kisiwa kingine cha kuhamia. Kwa hiyo Baba alisafisha mabuti ya wataalamu hao. Aliyasugua kwa mswaki, akachokoa soli kwa pini, akakung'uta mikoba juu ya shuka jeupe akitafuta mbegu. Kazi hiyo hakuwasimulia sana ndugu zake wa Morogoro. Mama alikuwa muuguzi msaidizi mwenye shifti zisizotabirika, basi mimi nilishinda stoo na Baba, nikichokonoa mifuko ya makoti, na kila punje niliyoipata niliitangaza kama mwindaji aliyeua simba.

Siku moja kabla ya kasha la mabuti na mahema kuondoka kwenda kisiwani, Mama alituletea chakula. Yeye alidhani tunasafisha vile viatu kwa heshima tu, kama mtu anavyofua nguo zake kabla ya kwenda ugenini. Aliposikia kwamba kasha litafunguliwa mbele ya wenyeji wa kisiwa, aliuliza zawadi iko wapi. Baba akacheka, akaenda kumwaga maji machafu. Hapo Mama akatoa mkobani bahasha ya mbegu za mchicha aliyoletewa na shangazi, akaichomeka ndani ya buti, akarudishia kifuniko cha kasha. "Mkono mtupu haulambwi," aliniambia. "Watapanda, watakula mboga, watatukumbuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na usimwambie baba yako, maana siku hizi amekuwa mzungu kuliko wazungu."

Baba aliporudi, niliendelea kuchokonoa mifuko kana kwamba hakuna kilichotokea. Jioni nilisimama kwenye balkoni yetu, penye ndoo tatu za mchicha wa Mama. Nilikuwa nimeuona kila siku, lakini siku hiyo ndipo nilipouangalia. Ulikuwa umeota kwenye ufa wa saruji. Ulikuwa umeota kwenye mfereji wa maji. Hata kwa jirani wa chini, bibi ambaye hakuwahi kula mchicha maishani mwake, mche mwekundu ulikuwa umesimama katikati ya maua yake. Nani alimpandia? Niliingia ndani, nikamwambia Baba mezani, mbele ya Mama, tena kwa Kiingereza, kama nilivyofanya kila nilipoogopa. Mama alinigeukia. "Neema," alisema, "mwanangu mwenyewe ananichongea?" Baba aliliweka tonge lake sahanini. Hakufoka. "Mama Neema," alisema, "mgeni huyu akifika, mwenyeji haponi." Kisha akamweleza habari za ndege na mchanga, taratibu, na Mama akaacha kula.

Asubuhi tulikwenda stoo wote watatu. Tulipolifungua kasha, bahasha ilikuwa imepasuka. Mbegu za mchicha ni nyeusi na ndogo kuliko kichwa cha pini, nazo zilikuwa zimeingia kwenye kamba za mabuti, kwenye mikunjo ya mahema, kila mahali. Dereva wa lori alipofika, Baba alimwambia kasha halitoki. Dereva akatazama saa, akalalamika, akapiga simu kwa wakubwa. Baba akarudia neno lile lile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Baba hakuwa tayari kumwachia mtu mwingine ukuta huo. Mama alipiga magoti na sare yake ya hospitali, akalamba ncha ya kidole, akawa anaokota punje moja moja. Kila tuliposema zimekwisha, alisema, "Bado." Kasha liliondoka alasiri. Kwa wiki nzima Mama hakunisemesha ila kwa kunituma, na balkoni yetu haikuota mchicha tena. Nilijua ni kwa sababu yangu.

Leo kazi ile ni yangu. Baba alikuwa na mswaki na shuka. Mimi nina taa maalumu, hadubini na fomu za kusaini, na binti yangu humjibu bibi yake kwa Kiingereza hata asipoogopa. Mwaka jana nilifika kisiwani kwa mara ya kwanza. Mama mmoja mwenyeji alinivua soksi pale pwani, akazigeuza, akazikagua bila kunichekea, nami nikamheshimu. Nilimwomba anionyeshe mahali makasha ya zamani yalipokuwa yakifunguliwa. Nikainama, nikapekua jani kwa jani. Sikuona mchicha. Palikuwa na ndege tu, amelalia yai lake mchangani, akinikodolea macho bila hofu. Nikampigia Mama simu Thamesmead.

"Mama, hakuna mchicha."

"Umeangalia nyuma ya nyumba?" aliuliza. "Na kwenye maji yanapopita?" Ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile ya balkoni bila mchicha hakuwa amenuna. Alikuwa anaogopa.

"Nimeangalia, Mama."

"Rudi uangalie tena."

Nikarudi.