Figo ya Kabula

Nilipokuwa mtoto kijijini, jirani na Dutwa, nilimwonea wivu mdogo wangu Kabula kwa sababu alikuwa kikojozi.

Bibi yetu alikuwa na tiba yake. Kila siku ya gulio alinunua figo ya mbuzi, akaichoma juu ya makaa, akampa Kabula peke yake. Alisema figo hufunga mkojo. Mimi niliyeamka mkavu kila asubuhi nilipewa ugali na mlenda kama watu wote, nikaambulia harufu.

Bibi alikuwa na neno jingine pia: mtoto akichezea moto, lazima atakojoa kitandani. Hapo nikaona njia. Jioni nilikaa jikoni, nikawasha ncha ya kijiti cha mpamba, nikachora angani mpaka macho yakaniwasha. Nikalala na matumaini. Nikaamka mkavu. Kesho yake nikarudia, mkavu vilevile.

Siku ya gulio niliamka mapema, nikachota kikombe cha maji mtungini, nikamwagia upande wangu wa godoro.

Bibi alilitoa godoro nje, akaliegemeza kwenye ua wa minyaa. Akainama kwenye doa la Kabula, akanusa. Akahamia langu, akanusa, akanusa tena.

"Minza, mjukuu wangu," akasema, "mwili gani huu unaokojoa maji ya kisima?"

Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Figo akapewa yeye.

Chuoni nilisoma kwamba figo huchuja damu, huurudishia mwili sehemu kubwa ya maji na sukari, kisha huacha urea na chumvi iliyozidi vitoke na mkojo. Hivyo ndivyo vitu alivyovitafuta Bibi kwa pua. Nilisoma pia kwamba watoto wengi huacha wenyewe kukojoa kitandani, wale figo wasile. Nilirudia ukurasa ule mara mbili, nikampigia Kabula, ambaye sasa anauza vitenge Bariadi mjini, kumwambia kwamba figo zake zote zilikwenda bure.



"Dada, mbona niliacha kitambo? Siku za gulio nilikuwa nakojoa makusudi."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mkojo nami nilikuwa nao, wa kutosha kabisa. Asubuhi ile nilikwenda kuumwaga chooni, kama mtoto mwenye adabu, ndipo nikarudi kuchota maji.