Mafuta ya Kutosha

Mwamuzi wa mashindano haya ya ndege za kivita mtandaoni hajibu swali kabla ya kufuta miwani. Huifuta kwa pindo la shati, taratibu, huku vijana wa mtaa wa Mutakura waliojaa kwenye chumba cha kompyuta wakitokwa jasho. Sheria kwenye skrini inasema tu kila rubani abebe mafuta ya kutosha. Wenzake Orlane kwenye timu, wageni wa mchezo kama yeye, walijaza matangi pomoni. Ndege zikawa nzito, zikashindwa kukata kona, zikatunguliwa. Amebaki yeye. Naye akianguka, timu imetolewa.

"Shefu, ya kutosha ni ngapi?"

Miwani inafutwa. "Kutosha ni kutosha, dada."

"Nijaze ao nisijaze? Saa inaisha."

Mwamuzi anainama kumwonyesha. Kidole chake kirefu kinapanda kwenye kipimo cha mafuta, kinafika nusu, kinasita. Orlane anamwona akichungulia dirishani, kwenye foleni ya magari yaliyolala mbele ya kituo cha mafuta tangu jana. Kidole kinapanda tena, hadi juu kabisa.

"Jaza," ananong'ona, bila kumtazama. "Mafuta yakipatikana, mutu anajaza."