Misuko Iliyokazwa Matonge

Juzi nilikuwa namsuka binti yangu wakati televisheni iliporudia ile filamu ya kiongozi wa Weusi wa Marekani. Polisi walipowaachia waandamanaji mbwa, kichwa kikaniuma kama zamani.

Alasiri moja nikiwa mtoto, Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Bruxelles, filamu hiyohiyo ikionyeshwa, saluni ilinuka nywele bandia zilizochomwa ncha. Maman alinikaza misuko mpaka machozi yakanitoka.

"Maman, unaniumiza!"

"Bon, vumilia. Angalia muzuri ule polisi wa mbwa. Usisahabu sura yake."

Nilidhani ananiadhibu kwa kutotulia. Kumbe asubuhi ile polisi mmoja wa hapa Bruxelles alikuwa amemvua Maman kitambaa cha kichwa mbele ya watu, akicheka. Alikufa hajamsamehe polisi yule.

"Maman, unaniumiza!" binti yangu akalia juzi.

Nikakaza zaidi.

"Angalia ule polisi," nikamwambia.