Ugonjwa Uliokuwa Ndani ya Yai

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Kiwanda kilipofungwa, alikaa nyumbani muda mrefu bila la kufanya. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na mizani yao, chama cha ushirika kikawa hakina nguvu tena. Kila asubuhi aliamka akavaa ovaroli yake ya kazini, akaketi kibarazani hadi jua lianze kuwa kali. Sikuthubutu kumwambia aivue.

Kuku waliingia kwetu kwa sababu hiyo. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyeleta vifaranga wa kisasa kutoka Mwanza kwa basi, kwenye maboksi yenye matundu, akawauza palepale stendi. Zamani vifaranga wa namna hiyo walitoka kwenye shamba la serikali. Ulijiandikisha ukasubiri zamu yako. Sasa ukiwa na hela mkononi unachukua unachotaka. Hakuna anayekuuliza kitu, na wewe pia hujui umuulize nani walikototolewa. Mume wangu alinunua boksi moja, akalibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Hakutaka kulifunga kwenye baiskeli.

Aliwapa chumba cha uani tulichokuwa tukihifadhia mahindi. Akatandaza pumba za mpunga, akaweka jiko la mkaa katikati na kulizungushia bati ili wasiungue. Wachache walikufa siku za mwanzo, tukasema ni baridi ya safari. Waliobaki walikua vizuri. Tuliwalisha pumba za mahindi na mashudu ya pamba, na walipoanza kutaga hapakuwa na mtu mtaani kwetu aliyewahi kuona mitetea wanene namna ile, vilemba vyekundu, manyoya yanang'aa. Mume wangu alianza tena kuongea wakati wa kula. Alisema hatanunua tena vifaranga wa stendi, atatotolesha wake mwenyewe na kuwauzia wenzake.

Tatizo ni kwamba kuku wa kisasa hawapendi kuatamia. Kwa hiyo akaenda kijijini Nkoma kwa dada yake mkubwa. Wifi yangu alikuwa mjane, analima pamba, na uani kwake walijaa kuku wa kienyeji. Nyama ya wageni ilitoka kwa kuku hao, na sare za shule za watoto wake pia. Alimpa mdogo wake mitetea waliokuwa wanataka kuatamia.

"Wachukue," alimwambia, "ila nawataka warudi."

Walirudi. Uanguaji wa kwanza ulikwenda vizuri kiasi, na mume wangu aliporudisha mitetea wa dada yake alimpelekea na vifaranga kama shukrani. Aliniambia dada yake alifurahi sana, akamkaangia karanga za njiani.

Uanguaji wa pili ndio uliotumaliza. Vifaranga wengine walikufa wakiwa bado ndani ya ganda, wametoboa tundu dogo tu la mdomo. Waliotoka walijikunyata karibu na jiko, mabawa yamelegea, macho yamefumba, na walilia kila walipojaribu kunya. Kinyesi kilikuwa cheupe kama chokaa, kikagandamana nyuma kwenye manyoya hadi kikaziba. Nilikuwa nawaosha kwa maji ya uvuguvugu, mmoja mmoja, nikidhani nawasaidia. Niliyemwosha asubuhi, mchana nilimkuta amelala chali na wenzake wanamkanyaga. Sauti yao ilikuwa kubwa kuliko miili yao. Tulipokula tuliisikia, na hata ilipopungua sikufurahi, maana nilijua imepungua kwa sababu gani.

Tulimwita bwana mifugo. Alikuwa mtu wa makamo kutoka mkoa mwingine, aliyejifunza salamu zetu za Kisukuma na kuishia hapo. Alikuja kwa miguu. Pikipiki ya ofisi ilikuwa haina mafuta.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia, kisha akachuchumaa, akaomba wembe.

Alimpasua kifaranga aliyekuwa amekufa muda si mrefu. Ini lilikuwa limevimba, lina madoa. Tumboni bado kulikuwa na kiini cha yai, kigumu, kimeoza.

"Mayai mlitoa wapi?" akamuuliza mume wangu.

"Ni ya kuku wangu mwenyewe."

"Hao kuku wazima?"

"Wazima kabisa. Njoo uwaone."

Akaenda akawaona. Alisimama mlangoni mwa banda kwa muda, hakuingia. Aliporudi alinawa mikono mara mbili kwa sabuni, na ndipo akasema.

"Huu ni ugonjwa wa kuhara nyeupe. Hawa vifaranga wametoka kwenye yai wakiwa wagonjwa tayari, wamepewa na mama zao. Mitetea wako waliugua wakiwa wadogo, wale waliokufa mwanzoni hawakufa kwa baridi. Hawa walipona, lakini ugonjwa haukutoka. Umekaa kwenye mayai."

"Nipe dawa basi."

"Dawa itapunguza vifo tu. Atakayepona atakuwa kama mama yake, atataga, na utaona tena hiki unachokiona."

Mume wangu akamuuliza ni mtetea yupi mwenye ugonjwa, ili amtoe. Bwana mifugo alisema kipimo kipo, tena chepesi. Unachukua tone la damu kwenye bawa, unalichanganya na dawa yenye rangi juu ya kigae cheupe, damu ya mgonjwa inaganda chembechembe mbele ya macho yako. Zamani dawa hiyo ililetwa ofisini bila malipo, naye alizunguka nayo vijijini. Sasa hailetwi. Mambo ya dawa yameachiwa wenye maduka, na wenye maduka hawaiagizi kwa sababu hakuna wa kuinunua.

"Kwa hiyo siwezi kukuonyesha ni yupi," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Wote."

"Unaniambia nichinje na wazima?"

"Ndiyo ninavyokuambia. Na mimi sipendi."

Alitukataza kuwauza wakiwa hai. Alitukataza pia kuwagawa wachinjwe majumbani, kwa sababu maji ya kunyonyolea na matumbo yangemwagwa kila ua, vifaranga wa watu wadonoe. Wachomwe, akasema, na pumba zote za ndani zichomwe pamoja nao.

Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha na mabua yaliyong'olewa yalikuwa yamerundikwa shambani nyuma ya nyumba. Mume wangu alichinjia pale. Nilimshikia miguu ya kuku, yeye akakata. Mtetea mmoja, alipomkamata na kumlaza, alitaga. Yai lilitoka likaanguka kwenye vumbi, bado na unyevu wake. Mume wangu aliliangalia, akamaliza kazi aliyokuwa ameanza, kisha akaliokota yai na kulitupa motoni.

Harufu ya manyoya na nyama ilienea mtaa mzima. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wengi, alikuja akasimama kwenye ukingo wa shamba.

"Mnachoma nyama?" akauliza. "Sisi tunakula mlenda kila siku, ninyi mnachoma nyama?"

Nilianza kumweleza. Aligeuka akaondoka kabla sijafika mbali, na kwa muda mrefu hakuniazima hata chumvi.

Tulikwangua sakafu ya banda, tukapaka chokaa, tukasugua vyombo vyote na kuvianika juani. Yote hayo yaliwezekana. Lililokuwa limebaki ni Nkoma, kwa wale vifaranga tuliompa wifi.

Tulikwenda wote wawili kwa baiskeli. Tulimkuta wifi uani ameketi juu ya mkeka, anachambua pamba yake, safi upande mmoja, chafu upande mwingine. Kuku walikuwa wamejaa kumzunguka, wake na wale tuliompa, wanachakura pamoja. Mume wangu alimweleza kwa Kisukuma, taratibu, akiwa amechutama mbele yake kama inavyompasa mdogo mtu.

"Wachinjwe wepi?" wifi akauliza. "Wako au wangu?"

"Wote, dada. Wamekaa pamoja, wamekunywa chombo kimoja. Na hata mitetea wako walilalia mayai yale."

"Uliniomba mitetea nikakupa. Leo unakuja kuniambia niwaue hata waliokuwepo kabla yako?" Akaacha kuchambua pamba. "Haya. Anayeumwa ni yupi? Nionyeshe."

Mume wangu aliwatazama kuku wale. Wote walikuwa wazima. Jogoo aliwika.

"Siwezi kukuonyesha," akasema.

"Basi nenda nyumbani."

Tuliondoka bila kunywa maji. Njiani nilimwomba turudi tumbembeleze, akasema dada yake ni mtu mzima.

Mvua zilipoanza, wifi yangu mwenyewe akaja Bariadi. Alisimama mlangoni, mtandio umelowa.

"Wamekwisha," akamwambia mdogo wake. "Kila kifaranga wanayemwangua anakufa. Na kwa majirani niliowapa mayai, hivyo hivyo. Wananipita njiani bila kunisalimia."

"Dada, ingia ndani. Mvua."

"Sikuja kuingia. Nimekuja ili ujue."

Akaondoka. Mume wangu alimfuata hadi barabarani, nikamwona anasema naye, na yeye anaendelea kutembea.

Baadaye mimi ndiye niliyerudia kufuga. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala la mnunuzi mmoja wa pamba, na hakutaka kusikia habari za kuku. Nilisubiri banda likae tupu msimu mzima. Nilitafuta vifaranga kwa mtu niliyekwenda mwenyewe kuona mitetea wake, nikauliza maswali mpaka akakasirika. Mlangoni niliweka beseni la maji ya dawa na ndara za kuvaa bandani tu. Wageni waliishia uani, hata wa kanisani. Watu walisema najivuna. Vifaranga waliishi, wengi wao, na mayai yao niliyauza ya kula. Sikuwahi kutotolesha hata moja.

Wifi na mume wangu walikuwa wakisalimiana kwenye misiba tu. Alipougua, wifi alilazwa hospitali ya wilaya hapa Bariadi, nikawa nampelekea uji. Siku moja nilimpelekea mchuzi wa kuku. Alinusa, akaniuliza kuku ametoka wapi. Nikamwambia ni wangu, nimemchinja asubuhi.

"Alikuwa mzima?" akauliza.

"Mzima, wifi."

Akasukuma bakuli pembeni, akaomba maji.