Njia Iliyopinda Kwenye Bustani ya Mzee

Siku ile tulikuwa watu saba: mimi, mdogo wangu wa kike, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa na miaka minne, mzee wa bustani, mama mwenye nyumba tuliyokuwa tukiipangia bustani, na maofisa wawili waliokuja kukagua vibali vya wakimbizi.

Sisi hatukuwa na kibali. Baba na mama walifia Burundi, nikaacha shule darasa la tano, kisha nikatoroka kambini na wadogo zangu tukaja Ujiji. Mzee alinipa kazi ya kubeba maji na hakuniuliza kitu.

Kigoma nzima ilimjua. Bustani za wakubwa kando ya ziwa alizipanga yeye, na wageni walitoka hata Tabora kuja kuzitazama. Hakuchora kwenye karatasi. Alimwaga majivu ardhini, mstari mmoja ulionyooka kutoka mlangoni hadi majini, na hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga. Hata mama mwenye nyumba alishafukuzwa kwenye ua wake mwenyewe. Njia iliyopinda, alizoea kusema, ni ya mtu mwenye kitu cha kuficha.

Mdogo wetu alipoona zile sare alikimbia. Alikatiza kwenye majivu, akayavuruga, akajificha nyuma ya mzee. Nilibaki na ndoo kichwani, nikishindwa hata kuitua. Mzee akimfokea tu, tumekwisha.

Ofisa mmoja akacheka. "Mzee, kwako hata kuku hapiti. Huyu mtoto wa nani?"

Mzee aliyatazama majivu. Maji ya ndoo yalikuwa yananimwagikia shingoni.

"Wajukuu zangu, wote watatu," alisema. "Na huyu mdogo ameona nilipokosea. Njia itapita alipopita yeye."

Akachukua debe la majivu, akafuata nyayo za mtoto. Mama mwenye nyumba alijua kwamba mzee hakuwahi kuzaa. Akawauliza maofisa kama watakunywa chai.

Walipoondoka, mzee hakunitazama. "Bustani hii nimeiharibu kwa ajili yenu. Siku mkipata karatasi zenu, uje uninyooshee njia yangu."

Watu waliisifu njia ile kuliko kazi zake zote, na kila aliyeuliza kwa nini imepinda alinikosesha usingizi. Karatasi tulizipata mzee akiwa ameshafariki. Nimekwenda pale mara mbili na jembe. Wenye nyumba wa sasa hawataki iguswe, nami bado sijainyoosha.