Mtaa Ulimwita Mama Mchukia Watu

Mwalimu wetu wa historia alituambia kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na neno la mtu anayewachukia binadamu wote. Walichukua misos, yaani chuki, wakaiunga na anthropos, yaani mtu, na Wazungu wakalirithi hivyo hivyo. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana mtaani kwetu Kariakoo, karibu na Msimbazi, mama yangu alikuwa ameshapewa jina hilo kwa Kiswahili: mchukia watu.

Mwaka mmoja nyuma alikuwa mama wa watu wote. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, majiko yote yako uani, chumvi ya huyu ni ya yule. Baba alipofariki, mama akakaa eda, hatoki nje. Sukari siku hizo ilikuwa ya kupanga foleni kwenye duka la ushirika, na shoga yake wa chumba cha pili ndiye aliyempangia. Majirani nao walileta, huyu kikombe, yule nusu. Mama akaiweka yote kwenye debe chini ya kitanda, ingoje hitima ya arobaini. Haikumjia akilini kwamba sukari ya marehemu inaweza kuitwa ya ulanguzi.

Zikaja siku za kusaka walanguzi. Mgambo wakaingia nyumbani kwetu, wakamkuta shoga na miche ya sabuni aliyokuwa akiiuza kwa kificho.

"Mnanikamata mimi kwa sabuni?" akawauliza. "Nendeni chumba cha mbele, mtazame chini ya kitanda."

Nilikuwa uani, nilimsikia kwa masikio yangu. Sabuni yake ikasahaulika. Debe letu likatolewa, na mama, mjane aliye edani, akapitishwa barabarani mchana kweupe mpaka kituoni. Balozi wa nyumba kumi alikwenda kumwombea, wakamwachia jioni, lakini debe halikurudi. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Arobaini ya baba ilisomwa kwa chai isiyo na sukari. Shoga alikuja, kajitanda kanga yake, akakaa mkekani na kuitikia amina kuliko wote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Toka hapo mama akahamishia jiko chumbani. Salamu aliitikia kwa kichwa tu. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari zikija, alizirudisha zimefunikwa vilevile. Ndipo akabandikwa jina lile, na wa kwanza kulitamka alikuwa shoga.

Siku ile nilipotoka shule nilimweleza mama habari za Wagiriki na neno lao. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Mimi watu siwachukii, mwanangu," alisema. "Wanaonichukia mtaa huu wapo, na hakuna hata mmoja aliyejua sukari iko wapi. Aliyejua ni yule niliyempenda. Sasa nikipenda mwingine, nitaficha wapi?"