Sahani ya Kaburi la Kadhi

Juzi, ukutani mwa hoteli moja Dar es Salaam, niliona sahani ya buluu yenye pengo ukingoni, na pua yangu ikajaa harufu ya ubani.

Nilipokuwa mdogo, tulikuwa tukisafisha makaburi Kivinje, Ramadhani ikikaribia. Sahani ile ilikuwa imejengewa kwenye kaburi la babu yetu, aliyekuwa kadhi wa mji. Baba mdogo aliibandua kwa patasi, chokaa ikamwagika, ukingo ukameguka.

"Kateke maji, mwanangu, tuioshe," aliniambia.

Niliporudi hakuwapo. Nilikaa na ndoo yangu mpaka adhana ya magharibi, nikidhani kaenda kuitafutia sabuni.

Haukupita muda akafungua duka la mitumba, la kwanza mtaani kwetu. Idi ilipofika alinipa gauni kutoka humo, nami nikambusu mkono.